Mwache aulize yeye: kumzoesha mtoto mdogo maswali ya Kihispania

Ukikaa kutwa na mtoto wa miaka 4 utaulizwa mpaka ukome. Hii nini, yule nani, mbona paka amelala, kwani waenda wapi, naja na mimi? Mtoto huyo huyo mkalishe umfundishe Kihispania, kimya. Atahesabu uno dos tres, atataja rangi zote, ukimuuliza jina atakujibu, lakini kuuliza yeye mwenyewe hata siku moja. Sababu kubwa naona ni moja tu, maswali yote twayauliza sisi wakubwa, tena twauliza vitu tunavyovijua. Wamuonyesha picha ya ng'ombe wamuuliza ¿qué es esto?, yaani hii nini, wewe wajua ni ng'ombe, na yeye ajua kuwa wewe wajua, sasa hapo swali liko wapi? Huo ni mtihani. Na mtihani mtoto haugombanii, atangoja tu aulizwe.

Kwa hivyo kabla ya kumfundisha maneno ya kuulizia, tafuta kwanza kitu asichokijua halafu anakitaka kweli.

Mimi natumia kikapu, kile cha kwenda nacho sokoni Marikiti. Tia kitu ndani mtoto asikione, limau, upawa, kombe la pwani, ama kiatu chake mwenyewe, ukitikise kisikike. Halafu wewe usikae nacho, mpe nyanyake ama dada yake mkubwa ndo ashike siri, wewe kaa upande wa mtoto muwe nyote hamjui. Shangaa kwa sauti: ¿qué hay ahí?, kuna nini humo? Kisha anza kubahatisha, ¿es grande? (ni kikubwa?), ¿es de mamá? (ni cha mama?), nyanya atajibu sí (ndio) ama no (la), hayo mawili hayamshindi mtu. Ukishauliza kama matatu hivi nyamaza. Nyamaza kwelikweli, usimsukume mtoto kwa kiwiko umwambie haya uliza.

Kuna msichana mdogo wa jirani hapa kwetu alikuwa hafungui mdomo kabisa. Siku hio ndani kulikuwa na kaimati, kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, harufu ya iliki yatoka. Akalisogelea, akanusa, akamuangalia mamake, akarudi kunusa tena, akasema pole pole: ¿se come? Yaani, chaliwa? Akaambiwa sí, akapewa hapo hapo. Basi toka hapo ikawa kila kitu ¿se come?, sabuni ¿se come?, malapa ya babake ¿se come?, na ajua fika hayaliwi, auliza apate kucheka. Mimi nikimsikia nafurahi manake hilo swali sasa ni lake.

Na muone vile alivyolishika, alilishika zima. Hajui come ni kitenzi gani wala hio se yafanya nini hapo, na hana haja ya kujua. Ndo maana sipendi ile ya kuandika ubaoni qué, quién, dónde, cuándo, cómo (nini, nani, wapi, lini, vipi), watoto wakariri kama majina ya siku. Mpe swali zima lenye kazi, atalipasua mwenyewe baadaye akishakuwa na mengi. Yale yanayotumika zaidi ni mafupi sana. ¿Me das? akitaka kitu, ¿me ayudas? akishindwa kufunga kifungo, ¿jugamos? akitaka mwenziwe wa kucheza, ¿a quién le toca? kwenye gemu yoyote yenye zamu, ¿otra vez? akitaka umrudilie. Na ¿y papá?, yaani na baba je, hio ni dhahabu, weka y mbele ya jina la mtu yeyote ama kitu chochote na ni swali kamili, ¿y mi zapato? (na kiatu changu?), ¿y el gato? (na paka?), mtoto aweza kuishi na hio peke yake muda mrefu.

Angalieni hapo kwa ¿me das agua?, wanipa maji? Wengi hufundisha ¿puedo tener agua?, naweza kuwa na maji, kwa sababu wameitoa kwenye Kiingereza walichosoma shule. Mhispania atakuelewa lakini watoto wao hawaombi hivyo, wao husema ¿me das agua? na por favor (tafadhali) nyuma.

Mkiwa safarini pia fursa iko. Mwavuka Likoni, kule Mombasa, feri bado iko ng'ambo, mtoto ashaanza tushafika, tushafika? Hapo hapo mpe ¿ya llegamos? (tushafika?) na ¿falta mucho? (bado mbali?), watoto wa Meksiko wanawachosha wazazi wao na hayo hayo. Na ukiulizwa jibu, sí, falta mucho, ama no, falta poco (la, bado kidogo), muonyeshe ile feri inavyokuja. Tafadhali usimpigie makofi ati wow umeuliza vizuri, halafu swali lenyewe ukaliacha bila jibu. Aliuliza ajue, sio asifiwe.

Matamshi ya Kihispania si kazi ngumu kwetu. Irabu zao ni tano kama zetu, ñ ni ny, na j ya jugo ni ile kh wazee wetu wanayoitamka kwenye kheri. Swali la ndio ama la, maneno hayabadiliki, sauti ndo yapanda mwisho: tienes hambre, ¿tienes hambre?, sawasawa na una njaa na una njaa? Hakuna yale mambo ya do na does ya Kiingereza. Yakija ya dónde na qué, kawaida sauti yaanza juu kisha yashuka, kwa hivyo usimzoeshe mtoto kupandisha mwisho wa kila swali.

Penye shida kidogo ni mpangilio. Sisi twasema mama yuko wapi, wataka nini, neno la kuulizia liko mwisho, na mtoto atakuja na ¿mamá está dónde? Kihispania cha kawaida chataka neno hilo mbele na kitenzi kilifuate, ¿dónde está mamá? Akikosea usimkatize. Lirudishe sawa ndani ya jibu kama hujaona kitu: ¿dónde está mamá? Está en la cocina, yuko jikoni. Asikie na apate jibu lake kwa pamoja, baada ya muda atajirekebisha. Na mkiangalia katuni ama video za Puerto Rico, Kuba ama Jamhuri ya Dominika mtasikia ¿qué tú quieres? (wataka nini?), ndo wasemavyo kule, sio makosa. Chagueni tu msemo wa sehemu moja mshike huo, manake Argentina nako watawaambia ¿qué querés?, swali lile lile, na mtoto mdogo atachanganyikiwa.

Cuánto (ngapi) hufuata jina lililo nayo, cuántos gatos (paka wangapi), cuántas cabras (mbuzi wangapi), lakini mtoto anayesema paka wangapi na vikombe vingapi bila kufundishwa hili halimsumbui, msikilizishe tu.

Mchezo mwengine uko tayari, wa kwao wenyewe, waitwa veo veo, yaani naona naona. Mmoja achagua kitu anachokiona asema veo, veo. Wengine wauliza ¿qué ves?, waona nini? Ajibu una cosita, kijitu kidogo. Wauliza tena ¿y qué cosita es?, na ni kijitu gani, ndo atoe herufi ya kwanza, au kwa wadogo wasiojua herufi mwache ataje rangi. Mtoto wetu aliyezoea kitendawili, tega, ataingia bila maelezo. Na wale wanaouliza ni watoto, mkubwa awe mmoja wao tu.

Swali ambalo mimi siwezi kumuacha mtoto bila hilo ni ¿cómo se dice?, yaani husemwaje? Akikwama auliza ¿cómo se dice kaa?, nawe wamwambia cangrejo, mchezo waendelea. Bila hilo atakwama na atarudi Kiswahili kila saa. Kama hujui jibu mwambie no sé (sijui), tafuteni pamoja kwa simu. Mkitoka hapo mpe ¿por qué?, yaani kwa nini, na ujiandae. Swali mkazo uko mwisho, por QUÉ, jibu (kwa sababu) mkazo uko mwanzo, POR-que, pigeni makofi hapo penye nguvu aisikie tofauti.

Mambo ya heshima wazazi huniuliza sana. Mtoto atumie tú, wewe ya kawaida, anzeni na hio, ndo watoto wa sehemu nyingi watumiayo nyumbani na kwa wenzao. Usted, wewe ya heshima, mfundishe ndani ya salamu, ¿cómo está usted? (u hali gani?), ya kumpa mgeni mtu mzima, kama vile ajuavyo kuwa shikamoo haipewi mtoto mwenziwe.

Kuandika kungoje, labda miaka 6 au 7 akishajua kusoma. Hapo muonyeshe ile alama ya kichwa chini ¿, iliyowekwa na Chuo cha Lugha cha Uhispania mwaka 1754. Kazi yake ni kumtahadharisha anayesoma kwa sauti kuwa swali laanza hapa, manake maneno yenyewe mara nyingi ni yale yale ya sentensi ya kawaida. Na dónde, qué na cómo za swali zina kialama juu ya irabu, aizoee kuiweka toka siku ya kwanza.