Jinsi ya kuomba kibali cha kufuga kobe adimu Nairobi

Kibali kwanza, kobe baadaye. Wengi hugeuza mpango huu: wanaokota kobe kando ya barabara ya Kajiado, au wanauziwa mmoja ndani ya katoni, kisha ndipo wanauliza atasajiliwa vipi. Wa namna hiyo usianze kumwombea kibali. Mpeleke makao makuu ya Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS), Barabara ya Lang'ata, na ueleze ulimpata wapi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa, hata ukimlisha vizuri namna gani.

Hatua ya kwanza ni kumjua kobe unayemtaka kwa jina la kisayansi, kisha kuangalia yumo katika kiambatisho gani cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kobe bapa wa mawe, Malacochersus tornieri, huishi kwenye nyufa za miamba hapa Kenya, Tanzania na sehemu ndogo ya Zambia. Mwaka 2019 alihamishiwa Kiambatisho cha I, chenye masharti makali kuliko vyote. Ukimshika, gamba lake linabonyea kidogo chini ya kidole, na jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati. Jabali likishachokolewa na wawindaji, kizazi hakirudi upesi. Huyu wa mwituni msahau kabisa.

Wa kuombewa ni aliyezalishwa kizuizini, yaani mikononi mwa wafugaji, si mwituni. Mwambie muuzaji akuonyeshe leseni yake na hati yenye alama ya asili ya mnyama: C maana yake amezalishwa kizuizini, W ametoka mwituni. Akianza kukuzungusha, ondoka.

Sasa andika barua ya ombi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KWS. Taja spishi, idadi, anatoka kwa nani, atakaa wapi, na daktari wa mifugo atakayemhudumia. Ambatisha nakala ya kitambulisho na picha za ua atakamokaa kobe. Ua huo uwe tayari kabla hujaandika, kwa sababu kwa kobe wa Kiambatisho cha I anayetoka nje ya nchi, mkataba wenyewe unataka ithibitishwe kwamba mpokeaji ana mahali panapomfaa. Hapa ndipo nawasihi msiharakishe. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Nairobi ni baridi, na kobe hategemei damu yake kumpasha joto. Anahitaji kibanda kikavu chenye taa ya joto, jua la asubuhi, nyasi na majani, na maji kwenye sinia la kina kifupi. Niliwahi kuona kobe aliyetobolewa gamba ukingoni akafungwa kamba kama mbuzi. Tundu lilikuwa limevimba na kutoa usaha. Gamba ni mfupa ulio hai, lina hisia. Anayefikiria kamba bado hajawa tayari kuomba.

Kama kobe anatoka nje ya nchi, fuata mpangilio huu. Kwa spishi za Kiambatisho cha I, kibali cha kuingiza kutoka KWS hutangulia, ndipo nchi anakotoka itoe cha kusafirisha. Cha kuingiza hudumu miezi 12, cha kusafirisha miezi 6, kwa hiyo usikate tiketi ya mzigo mapema. Omba pia kibali cha Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete, na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali ya huko. Hati zote ziwe mkononi siku anapotua uwanja wa ndege wa JKIA.

Malipo ya serikali hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni, paybill 222222. Ukiambiwa utume kwa simu ya mtu, kataa, na uulizie kaunta.

Ukishampata, weka nakala za hati nyumbani, mpige picha mgongoni na tumboni, na mpime uzito kila mwezi. Akitaga, akifa au ukihama, waarifu KWS kwa maandishi.