Somo: Siku tano kwa baiskeli kuizunguka Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, Mwanza hadi Nansio

Wakuu, habari za leo. Kila nikiweka picha za safari zangu, swali la kwanza ni "kilomita ngapi?" Naomba hilo tuliweke kando kwanza. Mtu aliyezoea kukimbiza kilomita 80 za lami kwa siku anaweza kushindwa kumaliza 15 akikosea njia bondeni Magu. Huku kwetu kinachoamua siku yako ni udongo ulio chini ya tairi na upepo unaotoka ziwani. Ukivielewa hivyo viwili, hata baiskeli ya dukani ya kawaida inakufikisha.

Njia yenyewe ni hii: Mwanza, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, kisha unakata kushoto kuelekea Kisorya, unavuka kwa kivuko mpaka Rugezi, unaingia Nansio kisiwani Ukerewe, na kurudi Mwanza kwa meli.

Hatua ya 1: Mwezi

Juni mpaka katikati ya Septemba. Machi na Aprili usijaribu, nitaeleza sababu.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma udongo

Hapa naomba mnivumilie, ndipo penye somo lenyewe. Nchi ya Usukuma imekaa kama mawimbi: juu kilima cha mawe, halafu mteremko mrefu, halafu bonde, halafu kilima kingine. Kila ngazi ina udongo wake, na wazee wameupa kila mmoja jina. Karibu na mawe ni *luseni*, mchanga mchanga, ndipo utaona mihogo, viazi na karanga. Ukishuka unakuta *itogolo*, udongo wa kijivu unaoganda kama sakafu ukikauka. Bondeni kabisa ni *mbuga*, udongo mweusi wa majaruba ya mpunga na mashamba ya pamba.

Sasa tuone kila udongo unavyoigusa baiskeli. Kwenye luseni ya kiangazi tairi linazama, kwa hiyo punguza upepo kidogo na usikate kona ghafla. Itogolo kavu ni raha, pumzisha miguu hapo. Mbuga kavu inapitika, ila ina nyufa zinazoweza kumeza tairi jembamba. Mbuga iliyonyeshewa usiiguse.

Niliwahi kuigusa. Ilikuwa Machi, nataka kuuona mlango wa Mto Simiyu kwa karibu, pale unapoingia ziwani kwenye ghuba ya Magu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, asubuhi jua likawaka, nikajidanganya kwamba pameshakauka. Nikaacha lami na kushika njia ya ng'ombe. Hatua kama mia hivi, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Kuinama naona tope limejaa kati ya tairi na madigadi, limejichanganya na mabua ya mpunga mpaka limekuwa kama tofali bichi. Nikachokonoa kwa vidole, nikasukuma mita kumi, likajaa tena. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga akaniona. Akakata kijiti, akachuchumaa upande wa pili wa baiskeli akaanza kuchokonoa kabla hata hatujasalimiana. Alipomaliza ndipo akasema, "Mwanangu, rudi lami. Liache jua lipige siku mbili." Tukaibeba wawili mpaka barabarani. Siku hiyo hiyo nikafungua madigadi zote mbili, na sijazirudisha.

Hatua ya 3: Baiskeli na vifaa

Fremu ya chuma, keria imara, breki zinazoshika. Gia ni nzuri ila si lazima. Faida ya baiskeli ya kawaida ni kwamba spoku, cheni na gololi zake utavipata kwa fundi wa chini ya mti karibu kila senta. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu, spana na mafuta ya cheni.

Adui mkubwa ni mbigili. Ni katunda kadogo kenye miiba, na hata kadondoke vipi, mwiba mmoja unaangalia juu. Kako pembezoni mwa njia, hasa unapotoka lami kupumzika kivulini. Kwa hiyo inua baiskeli, usiisukume kwenye majani. Ukipata pancha, kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima. Ncha ya mbigili hukatikia humo, na ukiiacha, tyubu ya pili haifiki mbali.

Hatua ya 4: Upepo

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda juu, na ile ya baridi inavutwa kutoka ziwani. Usiku inageuka. Ndiyo maana asubuhi ni tulivu, na kuanzia saa saba mchana upepo wa ziwani unashika kasi. Ukitoka Mwanza kwenda Magu na Lamadi unaelekea mashariki, upepo huo unakusaidia. Siku ya Bunda kwenda Kisorya unaelekea magharibi, utakupiga usoni. Siku hiyo anza kukanyaga mara kunapopambazuka, saa kumi na mbili na nusu.

Hatua ya 5: Siku zenyewe

Siku ya kwanza ni Mwanza hadi Magu, kilomita 60 hivi. Mpaka uipite Igoma, malori na daladala ni mengi, kaa pembeni. Kisesa ingia Bujora uone makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Ukibahatika Juni utakuta sikukuu ya ngoma ya Bulabo, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, wakishindana. Usiangalie saa, Magu haihami.

Siku ya pili kwenda Lamadi ndiyo niipendayo kuliko zote. Ziwa linatokea kushoto na kupotea, mafunjo, majaruba, kilima, mafunjo tena. Unasikia furukombe kabla hujamwona.

Siku ya tatu, Lamadi hadi Bunda, Serengeti inasogea mpaka barabarani, na mito ya Mbalageti na Grumeti inatoka hifadhini kuelekea ziwani. Tembo hutoka mpaka mashambani mwa watu. Kipande hiki kipite jua likiwa juu, usilale njiani, na usiache lami kufuata mto.

Siku ya nne ni Kisorya na kivuko. Ya tano, izunguke Ukerewe taratibu, kisha panda meli Nansio. Kivuko kikionekana kimejaa, subiri kinachofuata. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimezidisha abiria, tukapoteza watu zaidi ya 220. Ulizia boya la kuvaa liko wapi kabla hujatafuta pa kufungia baiskeli.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Nyakato): Mkuu, asante kwa somo. Jioni ukiwa na jasho, si unaweza kuoga tu mtoni au ziwani?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kwenye milango ya mito kuna mamba na viboko. Na hata pasipo nao kuna kichocho: vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi yako bila wewe kuhisi. Oga gesti. Kama ulishaingia majini, nenda kituo cha afya ukapime baada ya wiki kadhaa, dawa yake ipo.

Swali (Igoma): Mimi na mdogo wangu wa kike tunaweza kwenda wenyewe?

Jibu: Mnaweza, dada. Magu, Lamadi, Bunda na Nansio kote kuna gesti. Fikeni kabla ya saa kumi na moja jioni ili mchague kwa mwanga. Mkikwama kijijini, mwulizeni mtu awaonyeshe nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, msikae senta. Na salimieni kwa Kisukuma. Asubuhi "Mwangaluka", mchana "Mwadila". Mama anayesikia "Mwadila mayu" (mayu ni mama) kwa mtu wa baiskeli atawaonyesha njia mpaka mwisho.

Swali (Shinyanga): Chakula cha njiani? Biskuti zinanichosha.

Jibu: Michembe na matobolwa. Ni viazi vitamu vilivyokaushwa, haviozi kwenye joto, vinashibisha, na sokoni vipo. Matobolwa tafuna ukiendesha, kama kipande kimoja kila baada ya nusu saa, na maji. Samaki mwachie usiku, sato na ugali, ukishaegesha.

Swali (Sengerema): Sina siku tano. Nina Jumamosi moja tu.

Jibu: Basi fanya upande wa kwenu, mkuu. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, lina kilomita 3 hivi, na pembeni lina njia ya waenda kwa miguu. Zamani pale tulikuwa tunasubiri kivuko. Wewe anzia nyumbani, vuka daraja asubuhi, pitia Usagara na Buhongwa mpaka mjini, kula mchana, halafu rudi kwa kivuko cha Kamanga. Katikati ya daraja simama usogee kwenye kingo. Asubuhi mapema mitumbwi ya wavuvi inapita chini yako, na utasikia wanavyoitana.

Swali (Sengerema): Kutoka Kamanga mpaka nyumbani nitakuwa napigwa na upepo?

Jibu: Ndiyo, upepo utatokea kulia na mbele. Ondoka na kivuko cha mapema, usisubiri cha jioni, na tairi la mbele lijaze upepo ukiwa bado kwenye lami ya mjini.