Laptopu ya zamani usiiuze bei ya kutupa, weka Linux

Wadau wa Tanga, tangu Windows 10 ikatiwe sapoti Oktoba 14, 2025 naona watu wanauza laptopu zao pale Ngamiani bei ya kutupa eti zimekufa, kumbe hazijafa, ni kwamba tu Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya mpya. Mashine ya ramu GB 4 inabeba Linux Mint Xfce freshi kabisa, huu ni mfumo endeshi unaouweka badala ya Windows, na ni bure.

Kwanza hamisha picha na mafaili yako yote kwenye diski ya nje, hapa usilete uvivu. Halafu shusha Mint kwenye tovuti yao, ni kama GB 3 hivi so subiri bando la usiku, kisha ichome kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus. Chomeka flashi, washa mashine huku unagongagonga F12 kama ni Dell, HP ni Esc halafu F9, kisha chagua iwake kutoka kwenye flashi.

Usiinstoli fasta. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, we cheki sauti, kamera, na hasa waifai, maana baadhi ya kadi za Broadcom huwa zinagoma mpaka uziwekee draiva, hapo unganisha simu kwa waya wa USB ushee intaneti then fungua Driver Manager ndani ya Mint uweke hiyo draiva. Ukiridhika, instoli.

Kazi za ofisi programu ya LibreOffice inatosha badala ya Word, ila ukienda kuprinti stesheneri peleka PDF, maana majedwali yanahamahama yakifunguliwa kwenye Word.