Somo: Kutambua mpunga chotara wa kinamasi kwa alama za vinasaba

Kila msimu hunijia picha ya jani na swali lile lile: je, huu ni mpunga chotara? Jani pekee halitoshi kujibu. Mpunga mwitu wa vinamasi vyetu, Oryza longistaminata, na mpunga wa shambani, Oryza sativa, yote miwili ina kromosomu 24 na huweza kuzaliana, ingawa mara nyingi kiinitete hufa, na vizazi vinavyofuata vinaweza kufanana sana na mzazi mmoja.

1. Chuma jani changa na ulitie kwenye silika jeli (chembe za kukaushia) siku hiyo hiyo.

2. Ruka mita kadhaa kabla ya kuchuma tena, kwa kuwa mpunga mwitu hutambaza vishina chini ya udongo na machipukizi matano yanaweza kuwa mmea mmoja.

3. Toa vinasaba kwa CTAB, sabuni ya maabara inayopasua seli, kwenye nyuzi 65, safisha kwa klorofomu, kisha osha kwa ethanoli ya asilimia 70.

4. Tafuta wazazi wa kulinganishia. Hapa ndipo nilipoharibu kazi ya msimu mzima. Nilichuma mpunga mwitu ukingoni mwa mfereji wa mashamba huko Butaleja, Uganda, nikauhesabu kuwa mzazi halisi kwa sababu ulikuwa na chavulio ndefu, kama jina lake la Kilatini linavyosema. Kwenye jeli ya maabara, inayotenganisha vipande vya vinasaba vionekane kama mistari, mistari ya mimea niliyoishuku ililingana na ya mzazi huyo, nikaandika kwamba hapakuwa na chotara. Kumbe mzazi mwenyewe alikuwa amekwisha kuchanganyika na mpunga wa shambani. Usichume mzazi mwitu karibu na shamba lolote la mpunga, usitegemee mmea mmoja, na usiamini alama yoyote ya vinasaba kabla ya kuijaribu kwa wazazi wa pande zote mbili.

5. Pima mikrosatelaiti, yaani alama za vipande vifupi vya vinasaba vinavyojirudia, zinazotofautisha wazazi, zisipungue 8. Chotara wa kizazi cha kwanza huonyesha aleli (toleo la alama) ya kila mzazi katika alama zote. Aliyezaliwa kwa chotara huyo kurudiana na mzazi mmoja huonyesha hivyo katika takribani nusu ya alama. Ukipima alama 3 tu, mmoja kati ya 8 wa aina hiyo atakudanganya kwa kuonekana kama wa kizazi cha kwanza, ilhali kwa alama 8 ni mmoja kati ya 256.

Swali: Nimeona mistari miwili. Basi ni chotara?
Jibu: Hapana. Mpunga mwitu haujichavushi wenyewe, hivyo mistari miwili ni kawaida yake. Rudi hatua ya 4.

Swali: Lakini sina muda wa kutafuta wazazi.
Jibu: Basi huna kipimo, ndugu yangu.

Swali: Mwalimu, majirani zangu hupanda mpunga wa NERICA. Je, inabadilisha lolote?
Jibu: Swali zuri sana, dada. NERICA ilitokana na Oryza sativa na Oryza glaberrima ya Afrika Magharibi, kwa hiyo aleli usiyoitambua inaweza kutoka huko. Iweke miongoni mwa wazazi. Ukitaka kujua nani alikuwa mama, pima pia vinasaba vya kloroplasti, ambavyo katika mpunga hurithiwa kwa mama.

Swali: Silika yangu ya buluu imegeuka ya waridi. Niitupe?
Jibu: Usiitupe. Ikaushe katika oveni ya maabara hadi irudie buluu. Usitumie ya jikoni, kwa kuwa rangi hiyo hutokana na kobalti, ambayo ni sumu.