Somo: Kutumia akili mnemba kwenye unasihi bila kumwaga siri za mteja

Wanasihi wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani, habari za kazi.

Wengi mmeniuliza kama inaruhusiwa kutumia ChatGPT na programu za aina hiyo kwenye kazi yetu. Kwa kazi za mezani, ndiyo. Kwenye kikao, hapana. Siri aliyokupa mteja ni amana, bado ni mali yake. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Tenga kazi. Kuandaa mada ya wazazi wa kidato cha kwanza, kurahisisha makala ndefu ya kitaalamu, kutunga kipeperushi cha msongo wa mawazo: tumia, kisha uhakiki. Kupima kama mteja yuko hatarini, kutaja ugonjwa wake, kumjibu meseji: usiiachie programu. Mwaka 2023 mwanzilishi wa Koko, huduma ya Marekani ya kufarijiana mtandaoni, alieleza kwamba watu wapatao 4,000 walipewa majibu yaliyoandikwa kwa msaada wa GPT-3, programu ya akili mnemba. Waliyapenda, lakini walipojua mashine imehusika, yakapoteza nguvu. Mwenye maumivu anataka kujua kuna binadamu anayemsikiliza.

Hatua ya 2: Ficha mtu, si jina tu. Hapa ndipo wengi wanateleza. Tuseme umeandika: "Mwalimu wa sekondari, miaka 41, anaishi Kalenga, mumewe alifariki kwa ajali Mlima Nyoka mwaka jana, mashemeji wanamnyang'anya shamba la parachichi." Jina halimo, lakini mtu wa Kalenga akiusoma mstari huo atamtambua kabla hajaumaliza. Andika hivi: "Mjane mwenye mgogoro wa mali na ndugu wa mume." Hayo yanatosha kabisa kuuliza namna ya kumsaidia mtu ambaye msiba wake umeingiliwa na ugomvi. Kazi, kijiji, kabila, dhehebu, tarehe na umri kamili, vyote toa.

Hatari hii ipo kweli. Ufini, mwaka 2020, ilijulikana kwamba kumbukumbu za makumi ya maelfu ya wateja wa Vastaamo, kampuni ya tiba ya kisaikolojia, zimeibwa. Wateja wenyewe wakaanza kudaiwa pesa, mmoja mmoja, ili mambo yao yasianikwe. Na hapa kwetu jaribio la kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Fikiria maelezo ya namna hiyo yakimfikia asiyehusika.

Hatua ya 3: Omba ridhaa ya kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na ridhaa yake ni ya maandishi. Fomu pekee haitoshi, zungumza naye. Mimi husema: "Mama, baada ya kikao huwa natumia programu ya kompyuta kupanga maelezo yangu. Jina lako na mambo yanayokutambulisha siyaweki. Programu yenyewe ni ya kampuni ya nje ya nchi. Ukikataa nitaandika kwa mkono, na huduma yako itabaki ileile." Halafu nyamaza, mpe muda. Watu wetu wana heshima, hukubali haraka mbele ya mtaalamu. Akisema "sawa tu, wewe ndiye unayejua", bado hajaridhia. Mwombe akueleze alivyoelewa, ndipo asaini.

Hatua ya 4: Soma kila neno mwenyewe. Tuliigiza kikao na mwenzangu, bila mteja yeyote. Akasema maneno tunayoyasikia mara nyingi: "Nimechoka, natamani nikapumzike na marehemu mama." Muhtasari wa programu ukatoka: "Mteja ana uchovu, anahitaji mapumziko." Mnasihi akiufuata huo, mtu anarudi nyumbani bila kuulizwa kama anawaza kujiua.

Hatua ya 5: Zima ruhusa ya mazungumzo yako kutumika kuifundisha programu, usichangie akaunti na mtu, na simu iwe na nywila.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau, Makambako: Shikamoo mama. Mteja wangu anakuja na majibu ya ChatGPT, ananiambia "imeniambia nimwache mume wangu". Nimkataze?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimkataze, atakuficha. Mwombe msome pamoja, umuulize aliandika nini na alitaka kusikia nini. Programu hizi zina tabia ya kumkubalia mtumiaji. Aprili 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, waliliondoa toleo moja kwa sababu lilizidi kusifia watu. Tena programu ya mteja wako ilisikia upande mmoja tu. Kama kuna kipigo nyumbani, hapo usalama wake ndio unaanza.

Mdau, Iringa: Dada, naweza kurekodi kikao ili programu iandike? Wateja wangu wanachanganya Kiswahili na Kihehe.

Jibu: Bila ridhaa, usirekodi hata dakika moja. Hata akiridhia sikushauri, maana Kihehe programu itakibahatisha, na utapata sentensi ambazo mteja hakuzisema. Acha nafasi kati ya mteja na mteja, andika mwenyewe kichwa kikiwa bado na moto.

Mdau, Tukuyu: Shikamoo. Usiku siwezi kupokea simu. Niwawekee wateja programu ya kuwajibu hadi asubuhi?

Jibu: Marahaba. Hapana. Jimbo la Illinois huko Marekani lilipiga marufuku mwaka 2025 akili mnemba kutoa tiba ya kisaikolojia, na naliunga mkono. Mwandikie mteja karatasi kabla hajatoka: dalili zinazomjia hali inapokuwa mbaya, ndugu mmoja aliyekubali kuamshwa saa nane za usiku, na hospitali ya kukimbilia. Huyo ndugu mpigie mkiwa pamoja na mteja, athibitishe mwenyewe. Kama mteja ni mtoto, mwongezee namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, haikatwi salio.