Ukiachishwa kazi, andika hasira kabla ya barua za maombi

Kwa yeyote aliyepoteza kazi na bado ana donge rohoni: chukua karatasi, kaa dakika 20 kwa siku 5 mfululizo, uandike yote unayohisi kuhusu kuachishwa kwako. Hasira kwa bosi, aibu mbele ya watoto, hofu ya kodi, yote. Usijali tahajia wala mpangilio. Ukimaliza, chana ukitaka. Hakuna wa kusoma. Mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake walilijaribu hili kwa wataalamu walioachishwa kazi, wakachapisha matokeo mwaka 1994: walioandika hisia zao walipata kazi mapema kuliko walioandika ratiba na mipango tu, ingawa hawakuhangaika kutafuta kuwazidi wenzao. Mimi naona sababu ni kwamba kinyongo hakijifichi kwenye usaili. Unaulizwa "Kwa nini uliondoka kule?" na sauti inabadilika kabla hujamaliza sentensi ya kwanza. Ukishayamwaga kwenye karatasi, swali hilo linajibika kwa maneno machache, mnaendelea.

Haifai siku zile za mwanzo kabisa, kidonda kikiwa kibichi. Jipe muda kidogo. Na ukiona kila siku unaandika malalamiko yaleyale neno kwa neno, acha, kaongee na mtu unayemwamini. Usingizi ukikata kabisa, au yakija mawazo ya kujidhuru, hapo karatasi haitoshi: nenda hospitali au kwa mshauri nasaha siku hiyohiyo.