Vijana wakiuliza dunia ina miaka mingapi, fanya hivi

Hii ni kwa walimu wa sandei skuli na viongozi wa vijana, hasa nyie mnaofundisha watoto wa fomu wani ambao katikati ya wiki wanasoma Zinjanthropus (lile fuvu la kale la Olduvai) kwenye historia alafu jumapili wanaambiwa dunia ina miaka elfu sita. Swali litakuja tu, na kawaida linakuja dakika za mwisho watu wameshasimama kwa sala ya kufunga, sasa usilijibu hapo hapo. Waambie wiki ijayo ndo somo letu, waje na Biblia, kalamu na simu yenye kalkuleta.

Siku yenyewe anza na hesabu, mahubiri weka pembeni kwanza. Fungueni Mwanzo 5, kila mtu apewe jina moja ataje baba alikuwa na miaka mingapi alipomzaa huyo mtoto. Adamu 130, Sethi 105, Enoshi 90, mnaenda hivyo hivyo mpaka Lameki 182 anamzaa Nuhu, alafu mnaongeza 600 maana ndo umri wa Nuhu gharika ilipokuja (Mwanzo 7:6). Jumla 1656, yaani toka Adamu mpaka gharika. Hapo wenyewe wataona kwamba hakuna mstari unaosema dunia ina miaka elfu sita, ni watu walikaa wakajumlisha kama walivyojumlisha wao. Anayejulikana zaidi ni James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, mwaka 1650 alichapisha kwamba uumbaji ulianza 4004 KK, jioni ya kuamkia jumapili tarehe 23 Oktoba, yaani mpaka siku ya wiki alikuwa nayo. Msimcheke, alikuwa msomi mkubwa wa zama zake. Ila tarehe zake zilikuja kuchapwa pembeni mwa Biblia nyingi za Kiingereza, na mtu ukishaona kitu kimo ndani ya jalada la Biblia unakiamini kama andiko.

Sasa hapa usiwe na haraka kabisa, ndo penye utamu. Waambie kwamba ile tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, inasema Adamu alikuwa na miaka 230 alipomzaa Sethi, wala sio 130, na Sethi mwenyewe 205. Ndo maana Wakristo wa Bizanti, ile dola ya Kirumi ya mashariki, waliweka uumbaji 5509 KK wakati kalenda ya Kiyahudi inaanzia 3761 KK, wote wacha Mungu na wote na maandiko mkononi. Alafu wapeleke Mathayo 1:8, Yoramu akamzaa Uzia, kisha 1 Nyakati 3:11-12 waangalie hapo katikati: Ahazia, Yoashi, Amazia. Watu watatu wamerukwa! (Mtoto mjanja atakwambia Nyakati imeandika Azaria, mwambie ndo huyo huyo Uzia.) Kwa hiyo "akamzaa" inaweza kubeba mpaka kitukuu wa mwana, na ukijumlisha orodha ya namna hiyo usishangae majibu yakipishana.

Upande wa sayansi usijifanye profesa, sema vichache vya uhakika. Kwanza acheni kuponda kile kipimo cha umri cha kaboni, maana kila kipindi kuna mtu anasema kaboni inadanganya: kaboni 14 inapungua nusu kila miaka 5,730 hivi, ikipita kama elfu 50 haifai tena, hakuna anayepimia umri wa dunia kwa hiyo. Dunia wanatumia urani inayogeuka risasi polepole, na mwanasayansi Clair Patterson mwaka 1956 alipima vimondo akapata miaka bilioni 4.55, namba ambayo mpaka leo haijasogea sana. Kwa Olduvai hapa kwetu ni potasiamu inayogeuka gesi ya agoni. Mwamba wa volkano ukiyeyuka agoni ya zamani inatoka, ni kama kurudisha mita ya pikipiki sifuri, ukipoa inaanza kuhesabu upya. Fuvu la Zinjanthropus aliloliokota mtafiti Mary Leakey mwaka 1959 lilikutwa kwenye tabaka za majivu ya volkano, na mwaka 1961 vipimo vikasema miaka milioni 1.75.

Mimi nakubaliana na hizo bilioni na bado naungama Kanuni ya Imani bila kigugumizi, inasema Mungu ni mwumba wa mbingu na dunia, umri haijataja. Lakini kwenye kikundi chako anaweza kuwepo Msabato au mtu anayeshika siku sita za kawaida, na ana hoja nzito, Kutoka 20:11, amri ya Sabato imejengwa juu ya hizo siku. Mpe nafasi aseme mpaka amalize. Akishamaliza ndo uulize kikundi kizima: jua limewekwa siku ya nne, hizo tatu za mwanzo jioni na asubuhi zilikujaje? Agostino wa Hippo alihangaika na swali hilo zaidi ya miaka 1600 iliyopita, hajamsikia Darwin wala nini.

Kuhusu mtihani wa shule, waambie waandike kilichofundishwa darasani, huko sio kumkana Yesu.

Na wakianza "sasa Adamu na Zinja nani mkubwa", kata hapo. Hilo linavuta Warumi 5 na dhambi ya asili, kalkuleta haitasaidia, lipangie siku yake na mchungaji awepo.